SOMO KWA WAFANYABIASHARA WADOGO: NAMNA YA KUPATA VIUNGO VYA KWELI VYA TOVUTI

Wananchi wenye nyumba za kulaza wageni, maduka ya viungo vya chakula, vikundi vya ushirika na kazi za mikono katika Unguja na Pemba wamekuwa wakifungua tovuti kwa ajili ya kutangaza biashara zao. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wengi miongoni mwao hulalamika kwamba tovuti imefunguliwa, fundi amelipwa na picha nzuri zimewekwa, lakini mgeni aliyeko Roma, Nairobi au Dar es Salaam akitafuta katika mtandao haioni. Wakati huo huo hupokea barua pepe kutoka kwa watu wasiowajua, zikiwaahidi kwamba wakitoa kiasi kidogo cha fedha watapatiwa mamia ya viungo, na tovuti yao itapanda juu mara moja.

Kwa mintarafu hiyo, somo letu la leo linakusudia kueleza mambo manne: kiungo ni nini, thamani yake imetokana na nini, kwa nini kiungo cha kununuliwa hakina thamani hiyo, na vipi mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anaweza kupata viungo vya kweli kwa jasho lake mwenyewe.

1. MAANA YA KIUNGO

Neno kiungo lina maana kadhaa katika lugha yetu. Kuna kiungo cha mwili, ambacho huunganisha mfupa na mfupa. Kuna kiungo cha mchuzi, kama vile bizari, iliki na pilipili manga, ambacho hukipa chakula ladha yake. Katika mambo ya mtandao, kiungo ni maneno au picha iliyowekwa katika ukurasa wa tovuti ambayo msomaji akiibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwengine.

Viungo unavyovitia mwenyewe ndani ya tovuti yako, vya kumtoa msomaji ukurasa wa bei na kumpeleka ukurasa wa picha, vina faida yake, lakini sivyo tunavyovizungumzia. Somo hili linahusu viungo vinavyotiwa na watu wengine katika tovuti zao, vikielekeza kwako. Mwandishi wa safari anapoeleza habari za Jambiani, akaitaja nyumba yako ya wageni na kumwezesha msomaji kufika katika tovuti yako kwa kubonyeza jina lake, hicho ndicho kiungo tunachokikusudia.

2. KIUNGO NI USHAHIDI

Mtandao wa tovuti ulitokana na pendekezo la mwanasayansi wa Kiingereza, Tim Berners-Lee, alilolitoa mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na mji wa Geneva. Msingi wa pendekezo hilo ulikuwa ni kiungo, yaani waraka mmoja uweze kumpeleka msomaji kwenye waraka mwengine popote ulipo. Kurasa zilipozidi kuwa nyingi, ilizuka taabu ya kuzipanga. Mitambo ya mwanzo ya kutafutia ilitegemea zaidi maneno yaliyoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Kwa hivyo, aliyeandika neno "hoteli" mara mia aliweza kumtangulia aliyeliandika mara tatu, hata kama hoteli yake haina maji.

Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianza utafiti wa mtambo wa namna nyengine, na mwaka 1998 utafiti huo ulizaa kampuni ya Google. Wawili hao walitazama desturi ya wanavyuoni. Mwanachuoni akiandika kitabu hutaja vitabu alivyovitegemea, na kitabu kinachotajwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Hisabu ya namna hiyo ilikuwa imekwishafanywa kwa majarida ya sayansi na Mmarekani Eugene Garfield, ambaye faharasa yake ilitoka mwaka 1964. Page na Brin waliitumia rai hiyo kwa kurasa za tovuti. Kila kiungo kilihesabiwa kuwa ni ushahidi wa ukurasa mmoja juu ya ukurasa mwengine, na ushahidi wa ukurasa unaoelekezewa na wengi ukapewa uzito mkubwa kuliko wa ukurasa usiojulikana.

Tangu wakati huo vigezo vingi vimeongezwa, na kiungo leo ni kimoja tu miongoni mwao. Pamoja na hayo, Google yenyewe inaeleza kwamba katika kuzipanga biashara za mahali fulani hutazama mambo makubwa matatu: ulinganifu wa biashara na kile kilichotafutwa, umbali wake, na umashuhuri wake. Katika kuupima umashuhuri huo, viungo kutoka tovuti nyengine vimo, pamoja na maoni ya wateja.

Ikiwa kiungo ni ushahidi, basi tukipime kama ushahidi unavyopimwa. Shahidi anayekubalika ana sifa tatu. Kwanza, yeye mwenyewe anajulikana. Pili, analijua jambo analolishuhudia. Tatu, hakulipwa ili aseme. Msomaji akizishika sifa hizi tatu hatohitaji fundi wa kumwambia kiungo kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Kiungo kimoja kutoka gazeti linalosomwa, au kutoka chuo kikuu kilichofanya utafiti katika kijiji chenu, kina uzito kuliko mia vinavyotoka tovuti za kamari na dawa za kupunguza unene, ambazo hazina habari yoyote na visiwa hivi.

3. MASLAHI YALIYOMO NDANI YAKE

Pengine msomaji atauliza: mimi nina vyumba sita tu, mambo haya yananihusu nini? Jawabu lake ni hisabu ndogo ifuatayo.

Tuseme mgeni anakodi chumba kwa dola 50 kwa usiku na anakaa siku 4. Malipo yake ni dola 200. Ikiwa amefika kwa njia ya wakala mkubwa wa mtandaoni anayekata asilimia 15, kiwango ambacho si cha ajabu katika biashara hiyo, dola 30 hubaki kwa wakala. Wageni 10 wa namna hiyo kwa mwezi ni dola 300, na kwa miezi 6 ni dola 1,800. Wakala anafanya kazi yake na anastahiki ujira wake, na nyumba mpya isiyojulikana haina budi kumtegemea. Lakini mgeni aliyesoma habari zako katika ukurasa wa mtu anayemwamini, akabonyeza kiungo na kukuandikia mwenyewe, fedha yake yote hufika kijijini: kwa mvuvi, kwa muuza nazi, kwa fundi wa paa la makuti na kwa kijana anayefagia ua.

Kwa kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani, jambo hili ni zito zaidi. Bei ya mwani mkavu mfanyabiashara mkubwa huipanga yeye. Bei ya sabuni kikundi hujipangia chenyewe, madhali kimemfikia mnunuzi bila ya kupitia mikono mingi. Kiungo cha kweli ni mojawapo ya njia za kumfikia.

4. HASARA YA VIUNGO VYA KUNUNUA

Google imekataza katika kanuni zake kununua au kuuza viungo kwa nia ya kupandisha daraja ya tovuti. Vile vile imekataza watu kubadilishana viungo kwa wingi pasi na sababu, kutumia programu za kuvizalisha, na kumlazimisha mtu kwa mkataba akuwekee kiungo. Mnamo tarehe 24 Aprili, 2012 kampuni hiyo ilianza kutumia utaratibu ulioitwa Penguin, uliokusudiwa kuzikamata tovuti zilizopandishwa kwa hila hizo. Tangu Septemba 2016 utaratibu huo umekuwa ukifanya kazi wakati wote, na zaidi ni kuvipuuza viungo vya uongo. Juu ya hayo, wapo wakaguzi ambao wakithibitisha udanganyifu wanaweza kuiteremsha tovuti au kuiondoa kabisa.

Matokeo yake ni mawili. Ama kiungo ulichokinunua hakihesabiwi, na fedha yako imetupwa baharini, ama kinahesabiwa dhidi yako. Hapana faida katika lolote kati ya hayo.

Makampuni makubwa yamekwishaonja matokeo hayo. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vilikuwa vikielekeza kwenye maduka ya J.C. Penney ya Marekani kutoka tovuti zisizohusiana na biashara hiyo. Google ilipochukua hatua, kwa bidhaa moja ya mabegi ya safari kampuni hiyo ilitoka nafasi ya 1 na kuanguka hadi nafasi ya 71 kwa muda wa saa mbili. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, na ikavunja mkataba na washauri wake. Nchini Uingereza, Februari 2013, wauzaji maua wa Interflora walitoweka kwa siku kadhaa katika matokeo ya Google, hata mtu alipolitafuta jina lao wenyewe, baada ya makala nyingi za kulipiwa zenye viungo kuonekana katika tovuti za magazeti ya mikoani.

Makampuni hayo yana mawakili, washauri na akiba ya fedha, na yaliinuka tena. Nyumba ya vyumba sita ikitoweka katika miezi ya Julai na Agosti, ambayo ndiyo ya wageni wengi, imepoteza chumo la mwaka mzima. Tena mwenyewe huenda asijue sababu, kwa kuwa aliyeyatenda hayo ni fundi aliyelipwa na akaondoka. Kwa hivyo, mwenye biashara anayemwajiri mtu amtengenezee tovuti ana haki ya kumuuliza: viungo utavipata wapi, na kwa njia gani? Asiyeweza kujibu kwa uwazi asipewe kazi.

Inafaa ieleweke kwamba tangazo la kulipia halikukatazwa. Ukilipa tangazo katika tovuti ya gazeti, au ukadhamini resi za ngalawa na waandalizi wakaweka jina lako lenye kiungo, hilo ni tangazo la halali. Sharti lake ni kuwa mwenye tovuti atie ndani ya kiungo alama maalumu inayoiarifu mitambo kwamba hapa pana malipo. Mafundi wanaijua alama hiyo kwa maandishi ya "sponsored" au "nofollow". Tangazo la namna hiyo huleta wateja, lakini halihesabiwi kuwa ni ushahidi.

5. KUITENGENEZA NYUMBA KABLA YA KUALIKA

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kumwomba mtu yeyote akutaje, ni lazima kiwepo kitu kinachostahiki kutajwa. Mambo yafuatayo yatangulizwe:

(a) Biashara iwe na anwani yake yenyewe ya tovuti, iliyosajiliwa kwa jina la mwenye biashara na si kwa jina la fundi. Ukurasa wa Facebook au Instagram unafaa kwa mazungumzo na wateja, lakini ni mfano wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha masharti, mpangaji hana la kusema.

(b) Jina la biashara, kijiji na nambari ya simu viandikwe kwa namna moja kila mahali: katika tovuti, katika kibao cha barabarani, na katika maelezo ya biashara yanayosajiliwa Google bila ya malipo. Jina likiandikwa kwa namna tatu, mitambo huweza kudhani kuwa ni biashara tatu.

(c) Ukurasa ufunguke upesi katika simu ya mkononi. Picha kubwa mno zipunguzwe, kwani wengi wa wasomaji hawatumii kompyuta.

(d) Uwepo angalau ukurasa mmoja unaomfaa hata mtu asiyekusudia kununua kitu.

Jambo hili la nne ndilo kiini cha kazi yote. Watu hawaelekezi wenzao kwenye orodha ya bei. Huwaelekeza mahali penye elimu wasiyoipata pengine. Na elimu hiyo wananchi wetu wanayo, ila wameizoea hata hawaioni kuwa ni mali.

Chukua mfano wa nyumba ya wageni ya pwani ya mashariki. Mgeni hushangaa asubuhi anapoona bahari imejaa na mchana haipo. Mwenye nyumba anaweza kuandika ukurasa wa kueleza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa muda wa kiasi cha saa 6 baina ya kujaa na kupwa. Kwamba nyakati hizo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina hukaribia mita 4, na hapo ndipo wakulima wa mwani huingia mashambani mwao. Na kwamba siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua. Aongeze lini inafaa kuogelea, lini inafaa kutembea hadi mwambani na wakati gani wa kurudi kabla maji hayajamzunguka mtu. Aseme pia kwamba si adabu kumpiga picha mkulima wa mwani bila ya kumwomba ruhusa. Ukurasa huo utatafutwa na waandishi wa safari, na waalimu wa michezo ya baharini, na hata na nyumba nyengine za wageni, ili wawaonyeshe watu wao.

Mwenye duka la viungo vya chakula naye anaweza kueleza, kwa picha alizozipiga mwenyewe, kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, kwamba huanikwa juani siku kadhaa mpaka ikawa kahawia iliyokoza, na kwamba makonyo hutengwa na karafuu yenyewe. Aeleze namna ya kuitambua karafuu safi na ile iliyochanganywa. Wapishi na waalimu wa skuli wataielekezea.

Kikundi cha sabuni kina historia ya kueleza. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Hapana mtu anayeweza kuieleza kazi hiyo kwa usahihi kuliko waliosimama ndani ya maji kwa miaka mingi.

6. WAPI PA KUWATAFUTA MASHAHIDI

Methali imekwishasema kwamba chema chajiuza; lakini hata karafuu bora ikifungiwa ghalani haipati mnunuzi. Baada ya kuitengeneza tovuti, mwenye biashara atoke kuwaarifu watu, akianza na walio karibu.

(a) Wanaokujua tayari. Andika orodha ya kila unayefanya naye kazi: hoteli inayonunua sabuni yako, mkahawa unaotumia viungo vyako, msafirishaji anayekuletea wageni, mtengeneza majahazi aliyekuuzia mashua, skuli iliyowaleta wanafunzi kuangalia shamba lako. Wengi wao wana tovuti, na wanakujua kweli. Hao ndio mashahidi wa mwanzo, na kuwaomba si jambo la aibu. Usiwape punguzo la bei kwa sharti la kiungo, kwani hapo ombi limegeuka biashara.

(b) Jumuiya na taasisi. Ikiwa biashara yako imesajiliwa, au wewe ni mwanachama wa jumuiya ya wafanyabiashara au ya watembeza watalii, uliza ikiwa jumuiya hiyo ina orodha ya wanachama katika tovuti yake, na hakikisha jina na anwani yako ni sahihi. Wananchi wanakumbushwa kwamba kuorodheshwa katika tovuti ya taasisi ya umma hufuata masharti ya taasisi hiyo. Malipo yoyote yasiyo na risiti ya taasisi yasitolewe kwa mtumishi yeyote kwa ajili hiyo.

(c) Waandishi na watafiti. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi za Bahari huwa na wanafunzi na wataalamu wanaofanya utafiti kuhusu mwani, uvuvi na utalii. Mtafiti akija kijijini mpokee vyema, mpe maelezo ya kweli, na umwambie kuwa tovuti yenu ina maelezo zaidi. Mwandishi wa gazeti akitafuta mtu wa kumweleza bei ya karafuu au hali ya bahari, anayejibu upesi na kwa ukweli ndiye atakayetajwa.

(d) Matukio ya kila mwaka. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na Tamasha la Filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, huleta wageni wanaotafuta pa kulala, pa kula na pa kutembea. Ukiandika mapema ukurasa wenye kuwafaa wageni wa siku hizo, kama vile namna ya kufika Mji Mkongwe kutoka kijijini kwenu na kurudi usiku, waandishi wanaoandika habari za tamasha wana sababu ya kukutaja.

(e) Waliokutaja bila ya kukuelekezea. Mara nyingi jina la biashara hutajwa katika makala pasi na kiungo, au kiungo kipo lakini kimekosewa herufi. Litafute jina lako katika mtandao mara moja kwa mwezi. Ukikuta hali hiyo, andika barua ya shukrani na uombe kwa upole isahihishwe. Mtu aliyekwisha kukutaja kwa wema hana uzito wa kukamilisha.

7. MFANO WA BARUA

Barua iwe fupi, imtaje anayeandikiwa, na ieleze faida atakayoipata msomaji wake. Ufuatao ni mfano wa barua ya kikundi cha sabuni kwa hoteli inayonunua bidhaa zao:

"Ndugu Meneja,

Baada ya salamu, tunakushukuruni kwa kuendelea kutumia sabuni zetu katika vyumba vyenu. Tumesikia kutoka kwa watumishi wenu kwamba wageni huuliza sabuni hizi zinatengenezwa wapi na vipi.

Tumeandika katika tovuti yetu ukurasa unaoeleza kazi hiyo tangu kupanda mwani hadi kukata sabuni, pamoja na siku na saa ambazo wageni wanaweza kututembelea. Ikiwa mtaona unawafaa wageni wenu, tunaomba mwuelekezee kutoka katika ukurasa wenu unaoeleza vyumba. Anwani yake tumeiandika hapa chini.

Mkiona kuna jambo la kusahihishwa katika maelezo yetu tutafurahi kuarifiwa.

Wenu katika ujenzi wa kijiji chetu,
Katibu wa Kikundi."

Barua hii haikuahidi malipo, haikutishia, wala haikutumwa kwa watu mia tano kwa mkupuo mmoja. Imeandikiwa mtu mmoja kwa jambo moja. Asipojibu, akumbushwe mara moja baada ya wiki mbili, kisha aachwe.

8. KUPIMA NA KUTUNZA

Google hutoa bila ya malipo chombo kiitwacho Search Console, ambacho humwonyesha mwenye tovuti ni tovuti zipi zinazomwelekezea, na ni maneno gani watu waliyatafuta wakaiona tovuti yake. Kitazamwe mara moja kwa mwezi. Mabadiliko hayaji kwa siku mbili. Kazi hii huhesabiwa kwa miezi, na anayekuahidi matokeo ya wiki moja ana jambo analolificha.

Pamoja na kuhesabu viungo, hesabu watu. Kila mgeni au mnunuzi aulizwe: umetujua kupitia wapi? Majibu yaandikwe katika daftari. Kiungo kilicholeta wageni wanne ni bora, hata kama tovuti yake ni ndogo na alama yake haihesabiwi na mtambo wowote.

Ama kuhusu utunzaji, mambo mawili yasisahauliwe. La kwanza, ada ya anwani ya tovuti ilipwe kwa wakati. Anwani ikiachwa hadi ikachukuliwa na mwengine, viungo vyote vilivyochumwa kwa miaka humwelekezea huyo mpya. La pili, ukurasa ukibadilishwa jina au kuhamishwa, fundi aelezwe aweke maelekezo ya kumpeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Kinyume cha hayo, anayebonyeza kiungo hukuta mlango umefungwa.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji anashauriwa kuyajibu maswali haya kwa maandishi, na ikiwezekana pamoja na wenzake katika kikundi au ushirika:

(1) Taja sifa tatu za shahidi anayekubalika, na ueleze kila moja inavyohusiana na kiungo cha tovuti.

(2) Umepata barua pepe inayokuahidi viungo 300 kwa dola 40. Eleze matokeo mawili yanayoweza kukufika ukikubali.

(3) Ni jambo gani unalolijua kuhusu kazi yako au kijiji chako ambalo mgeni huuliza kila mara? Liandikie ukurasa mmoja wa maelezo.

(4) Andika majina ya watu au taasisi 10 zinazoijua biashara yako kweli. Zipi kati ya hizo zina tovuti?

(5) Anwani ya tovuti yako imesajiliwa kwa jina la nani, na ada yake inamalizika lini? Asiyeweza kulijibu swali hili amwendee fundi wake leo, kabla ya kuendelea na mengine.